Namba Sita ni ya Ofisi

Wanaomsifu Mama Mapambo ni wale ambao hawakuwahi kufanya kazi chini yake. Mimi nilifanya. Nilikaa naye pale Korogwe, kwenye ile baraza aliyoiita ofisi, kuliko mfanyakazi mwingine yeyote, na kama uliwahi kumwona bibi harusi akipita chini ya geti la maua popote kati ya Mkumbara na Handeni, basi huenda vidole vyangu viliufunga ule waya. Kwa hiyo nitamsema. Sitamsema kwa ubaya mtupu, maana huo ningeumaliza kwa sentensi moja nikaenda zangu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili wake. Kwenye kilemba alichomeka kijiti kilichopakwa mistari ya rangi, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kila kitu. Mstari mwekundu, waridi la mezani. Mstari wa bluu, waridi la geti. Kijiti kizima, majani. Ukikata nje ya mstari alilichukua ua lako bila kelele, akalitupa kwenye ndoo ya taka, akaendelea na alichokuwa akikizungumza. Alikuwa Msambaa wa kule juu milimani, na alikuwa na sauti ya chini, ya taratibu, inayokufanya usogeze sikio ndipo usikie unavyosemwa.

Sisi wafanyakazi hakutuita kwa majina. Kulikuwa na wa vitambaa, wa waya, wa maji, na mimi nilikuwa wa majani. "Wa majani, njoo." "Wa maji amekwenda wapi?" Mtu akiacha kazi na mwingine akaja, jina lilikuwa likimsubiri mlangoni. Nilifanya kazi na wa maji wengi, wengine wanaume, wengine wanawake, na hadi leo nikiwakumbuka nawaona kama mtu mmoja aliyekuwa akibadilisha sura. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Kang'ata akaniulizia kwa jina langu, Mama Mapambo alimtazama kama vile amekosea nyumba.

Mapambo yake yalikuwa na namba. Namba Moja ilikuwa meza kuu, Namba Mbili maduara ya maua ya kutundika ukutani, Namba Tatu geti, Namba Nne jukwaa wanapokaa maharusi, Namba Tano mashada ya msiba. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Kila namba ilikuwa na fremu yake ya chuma, iliyochomelewa na fundi mmoja nyuma ya stendi, na kila fremu ilikuwa na ndoo zake za maua, na kila ua na tundu lake. Angeweza kumwokota mtu barabarani asiyejua tofauti ya waridi na bamia, akamwonyesha fremu, na kabla ya adhuhuri geti limesimama. Alikuwa akisema, "Siku ya harusi si siku ya kufikiri. Kufikiri tumemaliza Jumatatu." Alilisema hilo kwa wafanyakazi, kwa wateja, kwa kamati za harusi, na mara moja alimwambia mchungaji.

Maharusi walikuja na simu zao. Binti anakaa kwenye benchi, anafungua picha ya harusi ya watu wakubwa huko Dar es Salaam au ng'ambo, ukumbi mzima umeota bustani, maua yananing'inia toka darini, maji yanatiririka. "Mama, mimi nataka hivi." Mama Mapambo aliichukua simu, akainyoosha mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu sana na kwa heshima zote, kisha akairudisha.

"Hii ni Namba Nne," alisema. "Imevalishwa tu."

"Lakini mama, hapa kuna ndege."

"Ndege tutamtoa."

Na binti aliondoka ameridhika. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Siku ya siku alipita chini ya waridi zilezile alizopita jirani yake wiki iliyotangulia, akalia kwa furaha, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, wakati alikiona Jumamosi iliyopita akiwa amebeba zawadi.

Nisimdhulumu. Ule utaratibu wake ulifanya kazi. Korogwe ni joto, na ua lililokatwa Lushoto alfajiri, likashushwa kwenye kona zote zile hadi Mombo, likapandishwa gari jingine, linafika kwetu limeshakata tamaa. Wapambaji wengine waliokuwa na mikono mizuri kuliko yeye niliwaona wakilia kumbini saa nane mchana, maua yameinama, bibi harusi yuko njiani, wao bado wanajaribu hiki na kile. Mama Mapambo saa hizo alikuwa amemaliza, amekunja magunia yake mabichi ya kufunikia maua, amepanda bodaboda. Hakuwahi kukaa kula harusi hata moja aliyoipamba. Wenyeji walimfuata mpaka barabarani na sahani ya pilau na yeye alisema asante, ana kazi, na kumbe anakwenda nyumbani kulala.

Na nyumbani kwake, sebuleni, alikuwa na maua ya plastiki. Ndiyo. Vyombo viwili vikubwa vya maua ya plastiki, mekundu na ya njano, aliyoyaosha kwa sabuni ya unga kila mwisho wa mwezi na kuyaanika kwenye kamba pamoja na mashuka. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, kama anaona aibu. Akasema maua ya kazi ni ya kazi, na haya hayamwombi kitu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sijui niliweke wapi. Akifa mtoto mdogo, iwe kwa watu wa kanisani kwake au kwa watu asiowajua kabisa, alitengeneza shada bila kuulizwa na bila kupokea kitu, na alilitengeneza yeye mwenyewe, chumbani, amefunga mlango. Tulidhani huko ndani anafanya maajabu. Alipotoka nalo lilikuwa Namba Tano, fremu ndogo. Waridi kwenye kila tundu, kwa kipimo kilekile. Sijui alikuwa akifunga mlango kwa nini.

Sababu ya namba zake aliniambia mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya ndoo tukisubiri gari la maua. Mwanzoni, kabla yetu sote, alikuwa na mpambaji mmoja, kijana mwenye kipaji. Hapakuwa na fremu wala kijiti. Kijana aliingia ukumbini akaangalia, akafikiri, akafanya, na kila harusi ilikuwa mpya. Yeye Mama Mapambo alikuwa akimtafutia kazi na kumsifia kwa watu. Asubuhi ya harusi moja kubwa kijana hakutokea. Alikuwa amekwenda Tanga kwa mtu mwingine, ameshapata jina. Mama Mapambo alisimama katikati ya ukumbi na ndoo zimejaa maua na hakujua pa kuanzia hata kidogo. "Nilichomeka chomeka tu," aliniambia. "Watu wakaja wakakaa, wakawa wananiangalia kwa huruma." Kisha akaanza kunigombeza kwa Kishambaa kwamba gunia langu limekauka.

Usidhani basi kwamba namba zake hazikugusika. Nilishuhudia ikiguswa moja, na aliyeigusa hakuwa mimi. Tulikuwa na harusi Chanika, pale Handeni mjini, familia ya Kiislamu ya watu wa siku nyingi. Kazi zilikuwa zimebanana mwezi ule na fremu za Namba Mbili zilikuwa hazitoshi, kwa hiyo Mama Mapambo akatwambia tuchukue fremu za mashada, tuzipulizie rangi ya dhahabu. Chuma ni kilekile, duara ni lilelile. Kwake hakukuwa na tofauti, na kwa wenyeji wengi pale isingekuwepo pia, maana wao hawazikani na mashada. Lakini bwana harusi alikuwa na shangazi aliyeolewa milimani, aliyekuwa amesimama kwenye makaburi ya majirani zake Wakristo mara nyingi tu. Aliingia, akaona maduara yale ukutani nyuma ya viti vya maharusi, akasimama.

"Nani kafa?" aliuliza.

Akageuka kwa wanawake waliokuwa nyuma yake na vifurushi vyao. "Haya ni mashada ya kaburini. Tumeletewa msiba kwenye harusi ya mtoto wetu." Wanawake wote wakabaki mlangoni, na ngoma ikakatika.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama Mapambo alivua viatu, akaenda hadi kwa yule shangazi, akamwamkia shikamoo japo walikuwa sawa kwa umri, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Shangazi, duara ni duara. Hata sufuria ni duara." Shangazi hakucheka. Akasema sufuria ina kitu katikati. Na Mama Mapambo, niliyemjua mimi, aliyetupa maua ya watu kwa kuzidi ukucha, akageuka akatuamuru tuvunje meza kuu, tuchukue waridi zake, tujaze maduara yote katikati. Wakaingia. Harusi ikaendelea, meza kuu ina majani matupu. Tangu siku hiyo Namba Mbili ikipelekwa Handeni lazima ijazwe katikati, na hilo likawa sheria. Shangazi wa watu, mgeni, mara moja tu, na namba ikabadilika. Nililiweka hilo moyoni nikijua siku moja litanihusu.

Sasa nije kwenye langu.

Ilikuwa mwishoni mwa masika na mvua ilikuwa imeshusha udongo barabarani kule juu. Gari la maua halikushuka. Sisi tulikuwa na harusi Kang'ata, kwetu, na mimi nilikuwa nimetangulizwa na fremu na vitambaa. Mama Mapambo alinipigia simu akasema anahangaika Mombo, nisiguse kitu, nimsubiri. Simu ikakatika. Mchana ukasogea. Mjomba wa bibi harusi alikuja akanitazama nimekaa juu ya fremu tupu, akaniuliza, "Binti, maua yako wapi?" Nikamwambia yako mlimani. Akasema, "Basi na harusi tuipeleke mlimani?"

Nikainuka. Sikufikiri Jumatatu, nilifikiri palepale. Kuna mkonge wa zamani pembeni ya kijiji, uliotelekezwa, umetoa milingoti mirefu. Niliomba vijana wakaiangusha, tukaisimamisha miwili miwili na kuifunga juu. Kisha nikamwomba yule mjomba mahindi. Si mahindi yenyewe, mbelewele, yale mashuke yanayotoka kileleni mwa muhindi. Akacheka sana. Akasema, "Kata shamba la chini, lile limeshabeba." Tulikata kwa mafungu. Nilizifunga kwenye milingoti toka chini mpaka juu, zikielekea upande mmoja, na katikati nikapitisha kitambaa cheupe na yale maua ya zambarau yanayotambaa kwenye nyua. Jua la jioni lilipopita mle, vumbi la mbelewele lilikuwa likielea, na wanawake waliokuwa wanapika waliacha masufuria wakaja kuangalia. Walikuwa wakiona mahindi yao. Mahindi waliyoyapalilia wenyewe, wakayaona kama vile hawajawahi kuyaona. Mama mmoja aliyashika akaanza kulia, akasema, kumbe tunalima maua.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada.

Mama Mapambo alifika jioni kwa bodaboda, amelowa, na gunia la waridi mbovu mgongoni. Alisimama. Alilizunguka lile geti. Nilimsubiri aseme. Akachomoa kijiti kilembani akaanza kupima, urefu, upana, toka shuke hadi shuke, midomo ikihesabu. Alipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata fundi wa nyuma ya stendi alichomelea fremu mpya yenye umbo la milingoti yangu. Mbelewele hazipatikani kila mwezi, kwa hiyo aliweka nyasi kavu zilizotiwa rangi ya dhahabu. Maua ya zambarau yalinyauka haraka mno, akaweka utepe. Akaiita Namba Sita, na Namba Sita ilipendwa kuliko zote, ilitoka Korogwe ikaenda Handeni mjini, ikapanda hata milimani, watu wakawa wanaiagiza hata kabla ya kupata mchumba. Nami niliichomekea nyasi zake kila Jumamosi kwa kipimo, wa majani, kama mtu aliyeajiriwa kulea mwanawe.

Sikutaka hela. Nilitaka aseme. Mara moja, mbele ya mtu mmoja, aseme hii ni ya huyu. Wateja waliuliza mbele yangu, "Mama, hii nani aliibuni?" na mimi nikawa nimeinamia ndoo, masikio yamesimama, na yeye akajibu, "Ni ya ofisi." Kila mara. Ya ofisi. Ile baraza ya mabati ndiyo iliyotembea mpaka Kang'ata ikakata mbelewele.

Kisha mdogo wangu akaolewa. Kang'ata, na ilikuwa masika tena, na mahindi yamebeba. Nilimwambia Mama Mapambo nataka Namba Sita ya kwanza, ile yenyewe, na nitaikata na kuifunga mwenyewe. Hakusema ndiyo wala hapana. Nilitangulia, nikaomba mbelewele kwa mama yangu, nikazifunga kwenye ile fremu ya chuma asubuhi nzima. Alipofika aliangalia, akamwita wa vitambaa. "Toa hizi," alisema. "Weka nyasi."

Nikamwambia, "Mama, hii ni harusi ya mdogo wangu."

"Najua."

"Na hivi ndivyo ilivyokuwa."

"Namba Sita haina mbelewele," alisema. "Picha zitapigwa. Mteja wa mwezi wa kumi ataniletea simu atake hizo, na mimi mwezi wa kumi nitazitoa wapi?"

"Kwa yule shangazi wa Chanika ulibadilisha."

"Yule angeondoka na harusi yake. Wewe utaondoka na nini?"

Alikuwa na haki, ndiyo maana sikuweza kumsamehe. Mama yangu alikuwa amesimama pale. Alimwona wa vitambaa, msichana wa watu, akizing'oa zile mbelewele moja moja na kuzitupa chini, na kuku wakaja. Mama aliinama akaanza kuziokota akaziweka kwenye upande wa kanga yake, akazipeleka jikoni. Nilimaliza harusi ya mdogo wangu nikiwa mgeni, nikakaa na wageni, nikala, na Jumatatu sikwenda Korogwe. Nilisikia kwamba wa majani mwingine alikuwepo kabla ya Jumatano.

Sasa hivi niko Mkumbara, barabarani, nauza nyanya na vitunguu. Gari lake lilikuwa likinipita Jumamosi na fremu zimefungwa juu, na nilikuwa nikigeuza uso.

Juzi juzi nilialikwa harusi ya mtoto wa jirani yangu, Chanika. Nilipoingia chini ya turubai nikaona kwanza Namba Sita, kisha nikamwona yeye, amekaa kwenye kiti cha plastiki safu ya nyuma, miguu imevimba, kilemba bila kijiti. Biashara iko kwa mtoto wa dada yake siku hizi, mwenye lori na wasichana waliovaa fulana za aina moja, na watu wanamwita huyo Mama Mapambo. Huyu mwingine sijui wanamwitaje. Nilimwona anainuka kwa shida, anasogea kwenye geti, ananyoosha mkono kwenye unyasi mmoja uliokuwa umelala. Msichana wa fulana akamwahi. "Bibi, naomba usiguse. Tumeshapima." Akarudisha mkono. Akarudi kitini. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa na alivyofundisha, na hakuna aliyemhitaji. Nilidhani nitafurahi kuona hivyo, na kwa kweli nilifurahi kidogo.

Nikaenda kukaa pembeni yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Wa majani. Uko wapi siku hizi?"

"Mkumbara. Nauza nyanya."

"Mafungu yako yanalingana?"

"Yanalingana."

"Vizuri."

Tukakaa. Bibi harusi alikuwa hajafika, watu walikuwa wakipokezana kusimama pale getini na simu zao. Nikaona sitapata nafasi nyingine. Nikamuuliza, "Mama, ile Namba Sita ni ya nani?"

"Yako," alisema. Hakusita hata kidogo, kama mtu aliyeulizwa saa. "Nilijua siku ileile, kabla sijashuka kwenye bodaboda."

Miaka yote ile, na lilikuwa neno jepesi hivyo. "Sasa mbona hukusema, mama? Hata mara moja?"

"Ningesema, ungeondoka."

"Niliondoka hata hivyo."

"Ndiyo," alisema, akiangalia mbele. "Lakini Namba Sita uliiacha."

Hakulisema kwa kunikomoa. Alilisema kwa ile sauti ya chini, taratibu, kisha akaniuliza kama wameanza kugawa pilau, maana miguu yake haimruhusu kupanga foleni. Nikainuka kwenda kumchukulia sahani. Nilipokuwa napita lile geti nilishika fremu kwa mkono mmoja, na nilikuwa na nguvu za kutosha kuling'oa lote na nyasi zake, lakini kulikuwa na familia imesimama chini yake, baba, mama na watoto, na mpiga picha akaniambia, "Mama, samahani, sogea kidogo," nikasogea.